Kupima Bakteria kwenye Damu ya Kuku kwa Njia ya DNA: Kuanzia Kwenye Bawa Hadi Kwenye Jibu

Mara ya kwanza nilipotoa DNA kwenye damu ya kuku nilifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Ilisema mikrolita 200 za damu, nami nikaweka 200. Nilipoongeza kimiminika cha kupasulia seli, damu ikageuka ute mzito mwekundu, kama ute wa yai uliochanganyika na kutu. Nikichovya ncha ya pipeti, inatoka na uzi mrefu. Nikijaribu kuukatia uzi ule kwenye mdomo wa tyubu, mzigo wote unafuata. Kichujio kiliziba na asubuhi nzima ikapotea. Karatasi haikuwa na kosa lolote: iliandikwa kwa ajili ya damu ya binadamu.

Chembe nyekundu za damu ya binadamu, ng'ombe au mbuzi hazina kiini, kwa hiyo DNA ya damu yao hutoka kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache. Ndege hawako hivyo. Kila chembe nyekundu ya kuku ina kiini chake, na mikrolita moja tu ya damu ina chembe hizo karibu milioni 3, kila moja ikibeba takriban pikogramu 2.5 za DNA. Piga hesabu mwenyewe: mikrolita 200 zina zaidi ya miligramu moja ya DNA ya kuku, wakati ujazo uleule wa damu ya mtu hutoa mikrogramu chache, kama 4 hadi 8. Bakteria unayemtafuta amejificha ndani ya msitu huo.

Ndiyo maana nitakaa sana kwenye damu na kupita haraka kwenye mashine. Mashine ya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) hupandisha na kushusha joto, basi. Majibu mengi mabaya niliyoyaona yaliharibika kabla sampuli haijaifikia.

Unamtafuta nani?

PCR haikuambii kuku anaumwa nini. Inajibu swali dogo zaidi: kipande hiki cha DNA kimo au hakimo? Kwa hiyo usianze na praima (vile vipande vifupi vya DNA vinavyotambua shabaha). Anza na dalili, umri wa kuku, na jinsi wanavyokufa.

Wanaostahili kutafutwa kwenye damu ni wale wanaosambaa mwilini kwa njia ya damu. Wa kwanza ni Pasteurella multocida, anayeleta kipindupindu cha kuku. Kuku wakubwa, mara nyingi walio na afya nzuri, hufa ghafla, na damu ya waliokufa kwa ugonjwa mkali huwa imejaa bakteria. Jina lake limetokana na Louis Pasteur, aliyemshughulikia mwaka 1879 na 1880 alipokuwa akitafuta namna ya kupunguza makali ya vimelea ili viwe chanjo. Huyu ndiye rahisi kuliko wote kumkamata kwenye damu.

Wa pili ni Salmonella, kwa sura mbili: Gallinarum, anayeleta homa ya matumbo ya kuku, na Pullorum, anayeua vifaranga kwa mharo mweupe. Hao hukaa ndani ya seli za kinga, hasa kwenye ini na bandama, na damuni huonekana kwa vipindi. Leo yumo, kesho hayumo.

E. coli ni kesi yenye utata. Yumo kwenye utumbo wa kila kuku mzima, kwa hiyo kumkuta tu hakusemi kitu mpaka uwe na uhakika kwamba damu haikuchafuliwa. Aina zinazoingia damuni na kuua kwa kawaida hubeba jeni fulani za ziada, kama iss, iutA, iroN, hlyF na ompT. Ukizikuta kadhaa kwa pamoja kwenye bakteria aliyeoteshwa kutoka kwenye damu safi, hapo una la kusema.

Usisahau wanaoletwa na papasi. Papasi wa kuku, Argas persicus, hujificha kwenye nyufa za banda mchana na kunyonya usiku. Anaambukiza Borrelia anserina, bakteria mwenye umbo la msokoto, na pia Aegyptianella pullorum, anayeishi ndani ya chembe nyekundu zenyewe. Kwa hao wawili damu ndiyo sampuli hasa. Kwenye bata mzinga ongeza Erysipelothrix rhusiopathiae, na anayechukua sampuli ajilinde, maana huyu huingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa ngozi.

Kuna wale ambao kuwatafuta kwenye damu ni kupoteza vifaa. Mycoplasma gallisepticum mtafute kwa usufi kwenye upenyo wa kaakaa au kwenye koo la hewa. Avibacterium paragallinarum, yule wa mafua makali yanayovimbisha uso, yumo kwenye majimaji ya uwazi ulio chini ya jicho. Kideri na mafua ya ndege ni virusi vya RNA: PCR ya DNA haitaviona hata damu ikiwa imejaa. Kama kundi limekufa kwa wingi ghafla, na waliobaki wamevimba vichwa au upanga umegeuka wa bluu, usipasue wala usitoboe mshipa. Ita daktari wa mifugo kwanza.

Kabla hujagusa praima yoyote, tandaza tone la damu kwenye kioo, likaushe, ulipake rangi ya Giemsa. Ni kazi ya chini ya saa moja. Pasteurella huonekana kama pini ya usalama, ncha mbili zimekolea rangi na katikati peupe. Borrelia huonekana kama nywele zilizojipinda kati ya chembe. Nimewahi kupata jibu kwenye hadubini wakati mashine ya PCR bado inapasha moto, na sikuona haya kuizima.

Kuchukua damu

Chagua kuku wanaoumwa leo, si wale waliopona na si wale waliopewa antibayotiki tangu juzi. Wagonjwa watano walioanza kuzubaa asubuhi wana thamani kuliko ishirini waliochaguliwa ovyo. Ila kama kundi halina dalili na unataka tu kujua kama maambukizi yamo, hesabu inabadilika. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja, unahitaji kuku 29 kama ugonjwa uko kwa asilimia 10 ya kundi kubwa, 59 kama uko kwa asilimia 5, na 299 kama uko kwa asilimia 1. Na namba hizo zinadhani kwamba kipimo hakikosei kamwe, jambo ambalo kwenye damu si kweli.

Mlaze kuku ubavu, msaidizi ashike miguu, wewe fungua bawa. Mshipa unaouona upande wa ndani, unaopita juu ya kiwiko, ndio wenyewe. Ng'oa manyoya machache yanayoufunika, futa kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri ngozi ikauke. Usipuuze subira hii: spiriti mbichi haijamaliza kuua bakteria wa ngozi, na ikiingia kwenye bomba hupasua chembe za damu. Tumia sindano namba 23, au 25 kwa kuku mdogo, na uvute polepole, kwa sababu mshipa wa ndege hujifunga ukivutwa kwa pupa. Ukimaliza bana kwa kidole dakika nzima. Mshipa huo huvuja chini ya ngozi na kuacha uvimbe wa bluu ukiuacha mapema.

Kiasi cha juu kwa kuku mwenye nguvu ni asilimia 1 ya uzito wake: kuku wa kilo mbili, mililita 20, ambazo huzihitaji kabisa, kifaranga wa gramu 40, mililita 0.4. Kwa mgonjwa chukua pungufu ya hapo. Mimi huchukua mililita moja hadi mbili kwa kuku mkubwa.

Tumia tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile yenye kifuniko cha zambarau. Usitumie heparini. Heparini hukaa na DNA hadi mwisho wa usafishaji na kukizuia kimeng'enya cha PCR, na kuizimua hakutoshi kila mara. Kuna siku nililetewa damu nzuri ajabu ya kuku waliokuwa wakifa, kumbe kila bomba lilikuwa limesuuzwa kwa heparini "ili isigande". Sampuli zote zilisoma hasi, hata pale nilipozitia DNA ya bakteria kwa makusudi. Chupa za kuoteshea damu zenye SPS (dawa nyingine ya kuzuia damu isigande) zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo usichote moja kwa moja humo kwenda kwenye PCR bila njia ya usafishaji iliyothibitishwa kuiondoa.

Toa sindano kwenye bomba kabla ya kusukuma damu kwenye tyubu, ili chembe zisipasuke kwa kupenyezwa kwenye tundu jembamba. Pinduapindua tyubu mara 8 hadi 10 bila kutikisa. Andika namba kwenye tyubu yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Weka kwenye ubaridi wa nyuzi 4 na ufikishe maabara ndani ya saa 24. Usigandishe damu yote kama kuna uwezekano wa kuotesha bakteria, kwa kuwa wengi hufa na wewe bado utawahitaji wakiwa hai.

Kama safari ni ndefu na barafu haipo, dondosha damu kwenye karatasi maalumu ya kuhifadhia DNA na uikaushe vizuri kivulini. Inakaa miezi bila friji. Lakini kumbuka kitobo cha milimita 2 cha karatasi hiyo kina damu kidogo mno, kwa hiyo inafaa kwa Pasteurella au Borrelia wa kujaa, haifai kwa Salmonella wa kuviziwa.

Kwa kuku aliyekufa, damu ya moyo inafaa kama kifo hakijapita saa chache. Choma uso wa moyo kwa kisu kilichopashwa moto, kisha ingiza sindano hapo palipoungua. Muda ukishapita, bakteria wa utumbo hupenya na kusambaa, na E. coli utakayemkuta hana maana yoyote. Hapo achana na damu, chukua uboho wa mfupa wa mguu, ambao huchelewa kuvamiwa, pamoja na kipande cha ini na bandama.

Hesabu ya ujazo

Sehemu hii isome mara mbili. Kwa sababu ya ule wingi wa DNA ya kuku, kichujio cha kawaida cha silika hubeba damu ya ndege mikrolita 5 hadi 10 tu. Tuseme umeweka 10, ukamalizia na mikrolita 100 za DNA safi, kisha ukachukua 5 kuingiza kwenye PCR. Kwenye mmenyuko wako kuna nusu mikrolita ya damu. Sasa tuseme kuku ana bakteria 100 kwa kila mililita, hali ya kawaida mwanzoni mwa ugonjwa. Nusu mikrolita ina bakteria 0.05. Maana yake, kati ya PCR ishirini, moja ndiyo itakayopata bakteria wa kufanyia kazi. Kumi na tisa zitasoma hasi, na hakuna fundi wala praima ya kuziokoa.

Kuna njia tatu za kutoka hapo, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kuotesha kidogo kabla ya kupima. Tia mililita moja ya damu kwenye mililita 9 za mchuzi wa kuoteshea, ule wa ubongo na moyo, uache kwenye nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Bakteria mmoja akiwa hai atazaa mamilioni. Damu pia imezimuliwa mara kumi, vizuizi vya PCR vimepungua, na kinachopimwa ni bakteria walio hai. Unapoteza siku moja, na hutapata wale wasioota kwenye mchuzi wa kawaida kama Borrelia na Aegyptianella. Kwa Salmonella, Pasteurella na E. coli, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Ya pili ni kutenganisha kwa kuzungusha. Zungusha damu ya EDTA polepole, nguvu ya g 100 hadi 200 (g moja ni nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 5 hadi 10. Chembe nyekundu, zilizo nzito, zinashuka. Bakteria wengi wanabaki kwenye plazma. Hamisha plazma bila kugusa mashapo, izungushe tena kwa g 10,000 au zaidi kwa dakika 10, umwage maji ya juu. Kile kitone kilichobaki chini ndicho unachotoa DNA. Sasa umepima karibu nusu mililita badala ya mikrolita 10. Njia hii huwakosa walio ndani ya seli, kwa hiyo kwa Salmonella chukua pia ule utando mweupe unaokaa juu ya chembe nyekundu, na kwa Aegyptianella usiitumie kabisa.

Ya tatu ni kurudia. Toa DNA mara mbili au tatu kwa kila kuku na ufanye PCR kadhaa. Inachosha, na faida yake ni ndogo ukilinganisha na mbili za mwanzo.

Kutoa DNA

Nitaandika kwa damu nzima, kwa vifaa vya kichujio cha silika, kwa sababu ndivyo vilivyoenea. Ukiwa na mashapo ya mchuzi au ya plazma, anzia palepale, ila ongeza kiasi.

1. Changanya mikrolita 10 za damu na 190 za bafa ya chumvi ya fosfati. Usitie damu kavukavu.
2. Kama unawatafuta wenye ukuta mnene, kama Erysipelothrix au Enterococcus, anza na laisozaimu (kimeng'enya kinachotoboa ukuta wa bakteria) ya miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 37, nusu saa. Ukiruka hatua hii utapata DNA ya kuku tele na ya bakteria sifuri. Staphylococcus ni mgumu zaidi, anahitaji lisostafini.
3. Ongeza proteinezi K (kimeng'enya kinachokatakata protini) na bafa ya kupasulia, weka nyuzi 56 hadi mchanganyiko uwe maji mepesi yasiyovutika. Ukiona bado unavuta uzi, usiendelee. Ongeza bafa au anza upya na damu pungufu.
4. Tia ethanoli, pitisha kwenye kichujio, osha mara mbili. Baada ya kuosha mara ya pili zungusha kichujio kikavu kwa dakika 2, kwa sababu ethanoli iliyobaki huzuia PCR kimyakimya.
5. Toa DNA kwa mikrolita 50 hadi 100 za bafa, ukiiacha dakika 3 kwenye kichujio kabla ya kuzungusha.

Ukipima kwa mwanga, uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 ukiwa karibu na 1.8 unaonyesha DNA haina protini nyingi. Lakini usifurahie namba kubwa ya wingi wa DNA. Karibu yote ni ya kuku. Nimeona watu wakiandika "DNA nzuri, nanogramu 300" kana kwamba ni bakteria waliopimwa.

Tahadhari ambayo nairudia kwa kila mgeni wa maabara: bafa za kupasulia zina chumvi za guanidini. Usizimwagie jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Maji ya kichujio yawekee chombo chake, na jiki itumie kwenye meza na kwenye damu isiyotiwa bafa hizo.

Praima, mchanganyiko na mizunguko

Jozi mbili zilizozoeleka duniani kote na zilizostahimili miaka ni hizi. Kwa Pasteurella multocida, jeni ya KMT1: ATCCGCTATTTACCCAGTGG na GCTGTAAACGAACTCGCCAC, zinazotoa kipande cha herufi 460. Kwa Salmonella yoyote, jeni ya invA: GTGAAATTATCGCCACGTTCGGGCAA na TCATCGCACCGTCAAAGGAACC, kipande cha herufi 284. Hiyo ya pili inasema "Salmonella" tu. Haitenganishi Gallinarum na Enteritidis (Salmonella anayeambukiza hata watu), na tofauti hiyo ni kubwa kwa mfugaji na kwa mlaji, kwa hiyo jibu chanya lifuatwe na PCR mahususi au na kuotesha na kutambua aina.

Kwa ujazo wa mikrolita 25: mchanganyiko uliotengenezwa tayari 12.5, kila praima ifikie mikromola 0.2 hadi 0.4, DNA mikrolita 2 hadi 5, maji safi kujazia. Kwa sampuli za damu ongeza albumini ya ng'ombe hadi mikrogramu 0.4 kwa mikrolita. Hufunga mabaki ya hemoglobini ambayo yangekizuia kimeng'enya.

Mizunguko: nyuzi 95 kwa dakika 3 hadi 5, kisha mara 35 ya nyuzi 95 kwa sekunde 30, nyuzi 55 hadi 60 kwa sekunde 30, nyuzi 72 kwa sekunde 45, na mwisho nyuzi 72 kwa dakika 7. Mizunguko 35 kinadharia hugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni 34. Kumbuka namba hiyo kila unapofungua kifuniko cha tyubu iliyotoka kwenye mashine: tone lisiloonekana kwa macho lina nakala za kutosha kuchafua kazi ya mwezi mzima. Ndiyo sababu mchanganyiko unaandaliwa chumba kimoja, DNA inatolewa kingine, na tyubu zinafunguliwa cha tatu, na mtu haruhusiwi kurudi nyuma na koti lilelile. Kama una chumba kimoja, tenganisha kwa meza, pipeti na saa za siku: asubuhi mchanganyiko, jioni jeli (pale vipande vya DNA vinapotenganishwa kwa umeme na kuonekana kama mistari).

Mahali pasipo na mashine ya PCR kuna LAMP, njia nyingine ya kunakili DNA, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2000. Inatumia praima 4 hadi 6 kwenye joto moja la nyuzi 60 hadi 65, na kisanduku cha maji moto kinatosha. Ni nyepesi na huvumilia uchafu wa damu kuliko PCR. Ila inachafuka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usifungue tyubu ikishamaliza.

Kontroli

Kila kundi la sampuli liwe na kontroli nne, yaani vipimo vya kulinganishia ambavyo jibu lake unalijua. Maji matupu yaliyopitia hatua zote za kutoa DNA. Maji matupu yaliyowekwa kwenye PCR tu. DNA ya bakteria anayejulikana, iliyozimuliwa mpaka ikaribie mwisho wa uwezo wa kipimo, si ile ya kung'aa kama taa ya gari. Ya nne ni kontroli ya kuonyesha kwamba mmenyuko haukuzuiwa.

Hiyo ya nne ndiyo inayokosewa. Wengi hupima jeni ya kuku yenyewe, kama beta-aktini, wakiiona wanasema DNA iko sawa. Kwa usufi ni sawa. Kwa damu ya ndege, jeni ya kuku imo mamilioni ya mara, itaonekana hata PCR ikiwa imezuiwa kwa asilimia 90. Inathibitisha tu kwamba uliweka damu. Badala yake tia kiasi kidogo cha DNA ngeni kwenye mmenyuko wa kila sampuli na uangalie kama inaonekana kwa wakati uleule kama kwenye maji. Ukikosa hiyo, pima sampuli ilivyo na pia ikiwa imezimuliwa mara 10. Kama ya kuzimuliwa inasoma vizuri kuliko nzito, kuna kizuizi.

Na hadithi moja ya maji. Niliwahi kutumia praima za jumla za jeni ya 16S, zinazokamata karibu bakteria wote, nikidhani nimepata kipimo kimoja cha kila kitu. Maji yakatoa mstari. Nikabadilisha maji, mstari. Nikanunua praima mpya, mstari uleule. Siku nne nilizitumia kusugua meza kwa jiki kabla sijatulia na kufikiri: kimeng'enya cha Taq asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto, lakini kile kinachouzwa hutengenezwa ndani ya E. coli, na mabaki ya DNA yake hufika nacho. Kama unataka 16S kwenye damu, tafuta kimeng'enya kilichosafishwa DNA, punguza mizunguko, na uwe tayari kusoma mfuatano wa herufi wa kila mstari. Kwa kazi ya kila siku, praima mahususi zinatosha.

Kusoma jibu

Kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.5, volti 100 kwa dakika 45 hivi, linganisha mstari na ngazi ya vipimo. Mstari wa 460 uwe 460, si "karibu na 500". Mstari hafifu wa ukubwa usio wake kwenye damu ya kuku mara nyingi ni praima iliyoshika DNA ya kuku. Kama kontroli yoyote ya maji ina mstari, kundi zima ni batili, hata zile sampuli ulizozipenda.

Kwa PCR ya kupima papo kwa papo, utapewa Ct, yaani mzunguko ambao mwanga, unaoongezeka kadiri DNA inavyonakiliwa, ulivuka kizingiti. Ct ikishuka kwa mizunguko 3.3, bakteria ni mara kumi zaidi. Kuku mwenye kipindupindu kikali anaweza kusoma Ct ya chini sana; Ct ya juu ya 35 irudie mara mbili au tatu kabla ya kuisema. Ukichanganya damu za kuku watano kwenye tyubu moja, tarajia Ct ipande kwa 2.3 hivi. Kwa Salmonella ambaye tayari anaonekana kwa shida, kuchanganya ni kumtupa.

Kuna chanya zinazodanganya bila kosa la fundi. DNA ya bakteria waliouawa na dawa hubaki kwa muda. Chanjo hai, kama ile ya 9R ya homa ya matumbo ya kuku, inaweza kusoma chanya, kwa hiyo uliza tarehe ya chanjo kabla ya kuuliza kitu kingine. Na PCR hii haikuambii dawa gani itafanya kazi. Kwa hilo unahitaji bakteria aliye hai kwenye sahani, na ndiyo sababu nilikusihi usigandishe damu yote.

Hasi nayo iandike kwa ukubwa wake. Mimi huandika hivi: "Kuku 6 wenye dalili, mililita 1 ya damu kwa kila mmoja imeoteshwa saa 20 kabla ya PCR. KMT1: chanya 4 kati ya 6. invA: haikuonekana. Kontroli zote zilikubali. Kuku hawakupewa dawa kabla ya kuchukuliwa damu. Bakteria aliyeota kutoka kwa kuku namba 2 na 5 amepelekwa kupimwa dawa, jibu kesho kutwa." Sijaandika "hawana Salmonella". Nimeandika kwamba haikuonekana, na nimesema nilitafuta kwenye damu kiasi gani. Daktari wa mifugo akitaka kuendelea kumtafuta, ini na bandama za kuku wawili wa kundi hilo waliokufa ziko kwenye friji, rafu ya juu, zimeandikwa namba.